Kutua Salama katika Bonde la Kerio
Jana asubuhi nilitua kwa paraglaida, yaani bawa la kitambaa linalombeba mrukaji aliyening'inia chini yake, katika Bonde la Kerio nchini Kenya, chini ya ukingo wa mji wa Iten ulio takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hadi sasa nazifikiria sekunde za mwisho kuliko safari nzima ya angani. Nilipokaribia uwanja niliukazia macho mgunga mmoja nikiogopa kuugonga, na paraglaida ikaanza kuelekea kulekule, kwa kuwa mikono na uzito wa mwili hufuata macho. Mkufunzi akaniambia kwa redio nitazame nyasi tupu, nami nikanyooka. Nikaukabili upepo, nikatoka kwenye kiti mapema na kuning'iniza miguu, magoti yakiwa yamelegea kidogo, kwa sababu anayetua akiwa ameketi huupokea mshindo kwa uti wa mgongo. Breki, yaani kamba za kupunguza mwendo wa bawa, nilizivuta hadi mwisho nilipobakiza kama mita moja. Ukizivuta ukiwa juu mno, bawa hupoteza mwendo na kukuangusha. Wanafunzi wenzangu, nawasihi tusiruke hapa saa sita mchana, wakati ardhi yenye joto hupandisha hewa kwa nguvu na upepo wa uwanjani hubadilika ghafla.