Mnyama akishaanguka, nyama ni ya nani?

Kila klipu ya Wahadzabe wakiwinda ikizunguka mtandaoni maoni ya watu ni yaleyale, oh hawa jamaa wana shabaha, oh ile sumu ni ya nini, oh jamani nyani analiwaje. Sawa, watu waulize. Ila mi nimekuwa nikisoma habari za uwindaji muda sasa na kinachonishika ni kile ambacho klipu huwa hazionyeshi, yaani mnyama akishalala chini nyama inakuwa ya nani na nani ana haki ya kushika kisu. Hapo ndo kila jamii ina utaratibu wake na kwa maoni yangu hapo pana akili nyingi kuliko hata kwenye upinde.

Chukua Kalahari, mpakani mwa Namibia na Botswana, kwa Wasan wanaoitwa Ju/'hoansi. Mishale yao ni midogo na myepesi, ukiiona unaweza kudhani ya kuchezea watoto, kazi yote inafanywa na sumu. Na sumu yenyewe haitoki kwenye mti, inatoka kwa buu wa mdudu anayeitwa Diamphidia, wanachimba chini ya kichaka, wanamkamua buu juu ya mshale, na hawapaki kwenye ncha kabisa, wanapaka nyuma kidogo ili mtu akijichoma kwa bahati mbaya asije akafa yeye. Mnyama hafi papo hapo. Twiga anaweza kutembea na sumu siku kadhaa, kwa hiyo wanarudi kambini, wanalala, asubuhi wanafuata nyayo.

Sasa sikia hii. Aliyelenga sio mwenye nyama. Mwenye nyama ni mwenye mshale. Na mishale kule inazunguka balaa, watu wanapeana zawadi, wanaazimana, kwenye podo moja unakuta kuna ya shemeji, ya mzee fulani, na mwanamke pia anaweza kuwa na mshale wake anampa mtu aende nao. Mzee ambaye magoti yameshagoma kitambo anaamka asubuhi anaambiwa mshale wako umeua, njoo ugawe. Na msidhani ni cheo cha raha, mgawaji ndo anabeba lawama zote za nani kapata mfupa na nani kapata mafuta, kwa hiyo mwindaji hodari anayetumia mshale wa mwenzie kumbe anajiepusha na kelele.

Halafu kuna lile la kumponda mwindaji. Richard Lee, mtafiti wa Kanada aliyefika kwao eneo la Dobe mwaka 1963, ameandika sana kuhusu hili. Mtu akiua hatangazi, anakuja anakaa kimya kwenye moto, akiulizwa anajibu kinyonge kwamba ameona kitu kidogo tu. Hapo wote washaelewa kaua kitu kikubwa. Wakienda kubeba ndo matusi yanaanza, yaani umetuburuza huku kote kwa ajili ya hili gunia la mifupa, bora ningebaki nimelala. Mnyama mwenyewe amenona mpaka basi! Maelezo waliyompa Lee ni kwamba kijana akiua sana anaanza kujiona mkubwa, wengine anawaona watumishi wake, siku moja kiburi chake kitamfanya aue mtu, kwa hiyo wanaiponda nyama yake ili moyo wake upoe. Kwetu huyo angeshakuwa na picha saba Instagram.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana njia yao. Nao wanatumia sumu, hii sasa inatoka kwenye mimea, na vichwa vya mishale ya wanyama wakubwa wengi wanaponda misumari mpaka inakuwa bapa. Mishale hiyo wanaichezea kamari. Mchezo unaitwa lukuchuko, unarusha vipande vya ganda la mti kwenye shina, vikidondoka unaangalia vimekaaje, mtu anaweza kupoteza mishale yake yote mchana mmoja. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba kamari hii inavuruga umiliki, mali haikai kwa mtu mmoja muda mrefu. Nyama kubwa ikifika kambini inaliwa na kambi nzima, aliyeua hana sauti ya kusema fulani asipewe. Isipokuwa nyama ya epeme, yaani ule utaratibu wa siri wa wanaume watu wazima. Figo, moyo, sehemu za shingo na nyinginezo za mnyama mkubwa ni za wanaume waliokwishaingia epeme tu, wanaenda kuzila pembeni, wanawake na watoto hawatakiwi hata kuona, na akila asiyestahili inaaminika atapatwa na mabaya. Sasa kabla hujacheka, firigisi ya kuku nyumbani kwenu ilikuwa inaliwa na nani?

Ituri kule Kongo, Wambuti wanawinda kwa nyavu, familia kadhaa zinaunganisha nyavu zao nusu duara, wanawake na watoto wanapiga kelele msituni, mboloko, yaani swala mdogo wa msituni, anakurupuka anaingia wavuni. Hapo nyama ni ya mwenye wavu, na kama umeazima wa mtu ujue mwenye nyama ni yeye. Umiliki umefungwa kwenye kifaa tena, sio kwenye mkono. Ila kuna kitu kimeingia hapo, wafanyabiashara walioanza kuingia mpaka kambini na unga wao wa muhogo na mchele, wanabadilishana na nyama. Nyama inayoweza kuuzwa haigawiwi kama isiyouzika, hilo halihitaji utafiti.

Inupiat wa kaskazini mwa Alaska wao wanavua nyangumi mkubwa wa barafuni, na kapteni wa mtumbwi, umialik, unaweza ukadhani ndo tajiri wa mji. Kweli ana mafungu yake, lakini mengi yanaishia kulisha watu, mwezi wa 6 kuna sherehe ya Nalukataq ambapo timu zilizopata zinagawa nyama na ngozi yenye mafuta kwa kila aliyekuja, na mke wa kapteni ndo anasimamia maandalizi. Mwaka 1977 tume ya kimataifa ya nyangumi iliwazuia, ikadai nyangumi wamebaki wachache sana. Wakaunda tume yao, mwaka uliofuata wakapata idadi ya kuvua, na hesabu zilizofanywa baadaye, pamoja na kusikiliza sauti chini ya barafu, zikaonyesha nyangumi ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wazee walishasema hivyo, wanapita chini ya barafu, hamuwaoni.

Sasa kuna utaratibu mwingine kabisa, ambapo mnyama ana mwenyewe hata kabla hajaguswa. Wafalme wa Uingereza baada ya 1066 walijitengea misitu na paa wote waliomo, ikabidi mpaka 1217 ndo itoke hati ya kusema mtu asiuawe wala kukatwa kiungo kwa kosa la kuua paa wa mfalme. Fikra hiyohiyo ndo ilikuja huku na meli. Mwaka 1896 gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa leseni na kutenga maeneo ya hifadhi, mojawapo upande wa Rufiji.

Walioumia sana kwa mtindo huu, kwa niliyoyasoma, ni Wawata wa Tsavo, Kenya. Hawa walikuwa wawindaji wa tembo. Pinde zao kuzivuta zilitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45, sumu ilikuwa ya mti wa msunguti, inasimamisha moyo. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948, na mwaka 1956 na 1957 ikapita operesheni kali, wanaume wengi wakaenda jela. Usinielewe vibaya, pembe zilikuwa zinauzwa, kulikuwa na wafanyabiashara wa pwani nyuma yake, haikuwa nyama ya watoto tu. Lakini miaka hiyohiyo mgeni mwenye bunduki na leseni alikuwa anapiga tembo Kenya kihalali na kupiga naye picha, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuwinda tembo 1973, na uwindaji wote 1977. Hapo mi ndo huwa nashindwa kuwatetea walioandika zile sheria.

Bongo tangu kanuni za 2020 nyamapori inauzwa buchani kwa kibali, unapimiwa kilo yako na risiti juu. Sina ugomvi na bucha, napenda sana nyama ya pofu. Ya mbwa wa kuwindia na yule ndege anayeonyesha asali nimeyaacha makusudi, hayo yana post yake. Wenye wazee waliowahi kuwinda, waulizeni kichwa na maini alikuwa anapewa nani halafu mniandikie.