Wananiita Bwana Afya

Anayekuja karakana yetu hapa Nyegezi, Mwanza, akitarajia kuonyeshwa nyota hukuta ndoo. Ndoo, vitambaa, brashi za kucha, na watu wanaozunguka pipa taratibu huku wakisukuma kioo. Klabu yetu inatengeneza darubini za kioo kinachoakisi mwanga, si za lenzi, aina aliyoiunda Newton mwaka 1668, na kazi kubwa humo si kusaga. Ni kuosha.

Kusaga kunaeleweka haraka. Vioo viwili vya duara, vya inchi sita: cha chini umekibana juu ya pipa, cha juu unakipeleka mbele na nyuma, katikati umeweka unga wa silikoni kabaidi na maji. Polepole cha juu kinabonyea, cha chini kinabinuka. Kwa darubini ya fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) ya milimita 1,200, kina tunachokitafuta ni milimita moja na ushee tu.

Tunaanza na unga namba 80, halafu 120, 220, 400, mpaka ule laini kabisa. Hapo ndipo ukali wangu unapoanzia. Punje ya namba 80 ikijificha kwenye ukucha wa mtu hadi hatua ya 400, itachora mkwaruzo wa kukurudisha nyuma. Kwa hiyo kila namba ina ndoo yake na kitambaa chake. Maji ya ziwani nimepiga marufuku, yana mchanga. Wacha waniite Bwana Afya.

Raha yangu ni kipimo cha Mfaransa Foucault, cha miaka ya 1850: tochi na wembe basi. Mwanga unatoka kwenye tundu lililotobolewa kwa sindano, unagonga kioo na kurudi, nawe unaukata kwa wembe mbele ya jicho lako. Kasoro za kioo zinajitokeza kwa vivuli, vilima na mabonde. Binti mmoja wa kidato cha tatu alibisha. Nikamwambia abandike kidole gumba kwenye kioo, ahesabu mpaka thelathini, kisha atazame.

"Mwalimu, kimeota kichuguu!"

Joto la kidole lilikuwa limeivimbisha glasi. Tulikitazama kichuguu mpaka kikazama chenyewe. Sasa yeye ndiye anayewagombeza wenzake wakigusa kioo.

Joto hilohilo ndilo linalotuharibia sayari ya Zohali tukiitazama. Kila mgeni anataka tupande juu ya mawe, si ndiyo Mwanza? Lakini mawe yanashinda juani kutwa, usiku yanatema joto, na picha inatetemeka. Nyasi ni bora. Usiku mzuri kwetu ni wa giza, ambao pia ni wa wavuvi wa dagaa, na taa zao hujaa ziwani. Siwalaumu, wao wanatafuta riziki.

Kilichobaki ni kukipaka kioo utando wa metali unaoakisi mwanga. Alumini inataka chemba ya ombwe, yaani iliyonyonywa hewa, hatuna. Wengine wanasema tuchange tupeleke vioo nje ya nchi. Mimi nasema tupake fedha wenyewe, kwa naitreti ya fedha na glukosi. Ikiwa mpya inaakisi mwanga zaidi kuliko alumini, ila inafubaa mapema, tutakuwa tunarudia. Sharti langu ni moja: dawa ikishachanganywa itumike papo hapo na mabaki yaharibiwe siku hiyohiyo, maana yakilala yanaweza kulipuka.