Dodoso lilisema "Ndiyo", daftari langu linasema mara tisa

Wiki iliyopita alikuja nyumbani dada mmoja na kishikwambi, mpole na ana heshima zake, anakusanya takwimu za watoto walioumia kichwa. Akaniuliza, "Mama, baada ya kuruhusiwa mtoto alipata huduma ya mazoezi tiba?" Nikasema ndiyo. Akabonyeza Ndiyo, akahamia swali lingine. Mi nikabaki na ile ndiyo yangu imenikwama kooni, maana ndiyo hiyohiyo angejibu mama aliyempeleka mwanae mara arobaini, na mimi wangu amehudumiwa mara tisa tu.

Kwa msiojua, mwanangu aligongwa na bodaboda hapa Mbagala mwaka juzi, ana miaka saba, nimemtuma sabuni dukani. Hospitali wakampima kwa ile skeli ya Glasgow, wanaangalia anavyofumbua macho, anavyojibu ukimsemesha na mwili unavyoitikia, aliye sawa anapata 15 na chini kabisa ni 3, yeye alikuwa 10, wakasema jeraha la ubongo la kiwango cha kati. Wiki tatu wodini halafu tukapewa karatasi ya kliniki ya fizio, yaani hayo mazoezi tiba, tukarudi nyumbani.

Sasa mimi nimeuza vitenge kwa mkopo miaka mingi, bila daftari hela yote inapotea, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilichora mistari kwenye kaunta buku: tarehe, nauli, tumefanya nini, na kama hatukwenda ni kwa nini. Jioni ile dada alivyoondoka nikakaa nikahesabu. Miadi 23, tumehudumiwa 9. Kati ya zile 14, sita sikuwa na nauli (na bajaji ilikuwa lazima, konda gani atakungojea upandishe mtoto anayeyumba?), tatu tulifika kabisa tukakaa kwenye benchi mpaka saa saba tukaambiwa mtaalamu yuko likizo, mbili mtoto ana homa, mbili maji yamejaa barabarani, moja bosi alikataa kuniruhusu. Na kwenye faili la hospitali wameandika nini? Mtoro. Hata zile siku tatu nilizokaa benchini. Iliniuma sana, siwezi kuficha.

Lakini kilichoniuma zaidi siyo hicho. Mguu ulirudi mapema, miezi minne tu huyo anakimbiza mpira, kila mtu anasema mshukuru Mungu mtoto kapona. Shuleni nako naitwa, mwalimu anasema amekuwa mkorofi, anapiga wenzake, ukimwambia vitu viwili anafanya kimoja kingine kimesahaulika. Nikamchapa, Mungu anisamehe. Hakuna aliyeniambia kwamba kumbukumbu, umakini na hasira navyo vinaumia ubongo ukiumia, wala kwamba kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayekaa na mtoto na kumfundisha kuvifanyia kazi. Nilisikia kwa jirani, mwezi wa 14 tangu aumie. Sasa ungeniuliza mwezi wa sita kama kuna huduma nimeihitaji nikaikosa ningekujibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu sikujua ipo!

Nikaanza kusoma usiku kwa simu. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2006, wao waliwauliza wazazi miezi mitatu na miezi kumi na mbili baada ya mtoto kuumia, na hawakuishia kwenye "alipata?", waliuliza pia alihitaji nini akakosa, na kwa nini. Tena wakatenganisha hitaji ambalo mzazi analijua na lile ambalo hajaligundua ila dalili za mtoto zinaonyesha. Baada ya mwaka mzima karibu theluthi moja ya watoto walikuwa na hitaji la namna moja au nyingine kati ya hizo mbili, na lililoachwa zaidi ni hilohilo la akili, kukumbuka na kufikiri. Sababu kubwa ni kwamba daktari hakuwaelekeza. Marekani hao! Nililia, nikajua siyo uzembe wangu peke yangu.

Na kupima mara moja hakutoshi jamani, sehemu ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka mtu kapita miaka ishirini, kwa hiyo mtoto aliyeumia na miaka saba shida nyingine itajitokeza darasa la tano hesabu zikiwa ngumu, au akibalehe, na wakati huo nani bado anamhesabu? Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndiyo chanzo namba moja cha vifo kwa wenye miaka 5 hadi 29, basi fikirieni wanaobaki hai wako wangapi, na wako wapi kwenye hizo takwimu.

Nikampigia yule dada, nikamwomba arudi. Akaja Jumamosi. Nikamfungulia kaunta buku nikamsomea mstari kwa mstari, zile sita za nauli, zile tatu za benchi. Akatafuta kwenye kishikwambi wapi aandike, akapanda akashuka, akasema mama hapa kuna Ndiyo na Hapana tu. Akakaa kimya kidogo. Halafu akaomba apige picha kurasa zote akamwonyeshe msimamizi wake, nikamshikia daftari dirishani penye mwanga, akapiga ukurasa mmoja mmoja mpaka wa mwisho.