Casa Milà: anzia darini

Wageni wengi wa Casa Milà, jengo la fleti pale barabara ya Passeig de Gràcia mjini Barcelona, hukimbilia paani kupiga picha za mabomba ya moshi. Mimi naona wasimame kwanza darini, chini tu ya paa, maana paa lile limezaliwa humo.

Darini kuna matao 270 ya matofali membamba. Shika mnyororo ncha zote mbili, uuache uning'inie: mpindo ule ukiupindua juu chini, ndio tao lenyewe. Mnyororo unaoning'inia unavutwa tu. Tao lililopinduliwa hivyo linagandamizwa tu, na tofali linastahimili kugandamizwa kuliko kuvutwa. Kwa hiyo tofali jembamba linatosha, na uzito juu ya jengo unapungua.

Sasa, jengo halina upana mmoja, kwa kuwa limezunguka nyua mbili. Penye wembamba tao linakuwa fupi. Penye upana linapanda. Paa limelala juu ya migongo ya matao hayo, nalo likapanda na kushuka vivyo hivyo, ngazi kwa ngazi. Husemwa kwamba msanifu wa jengo, Antoni Gaudí, aliiga mawimbi. Pengine, lakini tembea chini ya tao fupi kisha refu, utaelewa kwa nini juu hapakuweza kuwa tambarare.

Ukuta wa mbele nao unadanganya macho. Ni mzito kama jabali hata watu wakauita La Pedrera, yaani machimbo ya mawe, na ungedhani ndio unaobeba nyumba. Kumbe unajibeba wenyewe tu, umeshikizwa kwa vyuma kwenye mihimili ya ndani. Sakafu zimebebwa na nguzo, hivyo kuta zinazogawa vyumba hazibebi kitu: unaweza kuvunja mmoja ukaujenga kwingine, ghorofa ya juu isitikisike. Kwa nyumba ya kupangisha iliyoanza kujengwa 1906, huo ni uhuru mkubwa, na kwangu unazidi urembo wote wa nje.

Tabu iko kwenye samani. Kabati lenye mgongo ulionyooka, ukilisogeza kwenye ukuta uliopinda, linaacha pengo la kuingiza mkono. Gaudí alipokwisha kufariki, 1926, mwenye nyumba Roser Segimon alibadilisha mapambo ya fleti yake yakawa ya mtindo wa Louis XVI, mtindo wa Kifaransa wa karne ya 18. Inasikitisha, ila mtu anayeishi humo kila siku namwelewa.

Mvua ikinyesha paa huweza kufungwa, na vidato vyake havilingani, kwa hiyo vaa viatu visivyoteleza. Kabla ya kuondoka, vuka barabara utazame vyuma vya roshani, kazi ambayo Gaudí alishirikiana na msanifu mwenzake Josep Maria Jujol. Ni mabamba na nondo zilizokunjwa, zimesokotana kama mwani uliotupwa ufukweni. Tazama roshani moja, kisha ya jirani yake: mikunjo haijirudii.