Kufungua kinywa na Yesu

Siku hizi asubuhi nasali na Yohana 21, pale Petro na wenzake walipokesha ziwani wasipate kitu. Baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, mnaijua. Najitanda shuka zito, nasoma polepole, nafunga Biblia, kisha naanza kutazama.

Kusali hivi tumefundishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, akauguzwa kwa miezi huku akisoma maisha ya Yesu. Katika kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, anatuambia tupaone mahali, tusikie, tunuse, tuguse.

Galilaya sijafika. Matema nimefika, basi ufuko wangu ni wa Ziwa Nyasa: milima ya Livingstone pembeni, mitumbwi imevutwa mchangani, na juu ya makaa kuna mbasa anayedondosha mafuta. Yesu amechuchumaa. Anamgeuza samaki kwa vidole, anavirudisha upesi kwa sababu ya moto. Leo nilikaa hapo hapo. Hakuwa anahubiri, alikuwa ananipikia. “Njoni mfungue kinywa,” akasema, akanimegea mkate kabla sijamweleza lolote. Machozi yakanitoka. Kwamba Mungu ananipenda nimefundishwa tangu komunyo ya kwanza, na naamini. Leo niliupokea upendo huo kwa mkono.

Mama mmoja wa jumuiya yetu huniuliza, “Mwanangu, huko si kujitungia?” Ni swali la haki. Nilimjibu: Mama, mtoto akiwa kwenye basi la usiku kutoka Dar na simu haipatikani, akili inakuchorea ajali nzima, moyo unakwenda mbio, usingizi unakata. Hofu tunaipa sura na sauti bila kufundishwa na mtu. Kwa nini upendo wa Mungu tuunyime? Na Injili ipo ya kutuongoza. Nikianza kumwona Yesu anayenidharau, najua huyo si wa Yohana, nafungua Biblia tena.

Kuna agizo la Inyasi ambalo wengi hulipita, nami nalipenda kuliko yote. Kabla ya kuanza, simama hatua moja au mbili kutoka mahali utakaposali, kwa muda wa Baba Yetu moja, ufikirie jinsi Mungu anavyokutazama. Yeye ndiye anayeanza. Zipo asubuhi ambazo hakuna picha hata moja inayokuja. Siku hizo nasimama pale karibu na kitanda, natazamwa, na kwangu hiyo ni sala kamili.

Mwishoni mwa sala Inyasi anataka tuzungumze na Bwana kama rafiki na rafiki. Leo nilimweleza habari za kaka yangu, ambaye hatusemezani tangu msiba wa baba. Nilimweleza yote, hata yale ninayoona aibu kumwambia padre.

Petro anaulizwa kama anampenda Bwana wakiwa wameshakula, mstari wa 15. Kesho nitaanzia hapo.