Gesi ya AC haiishi kama petroli, jamani

Wa kwanza kunipotosha alikuwa shemeji yangu, na alifanya hivyo kwa nia njema. AC ya gari ilipoanza kupuliza hewa ya vuguvugu akasema, "Shemeji, gesi tu imeisha hiyo. Jaza, utembee." Nikajaza. Wiki tatu baadaye, vuguvugu. Nikajaza tena. Mara ya tatu ndipo nikajiuliza, inaishia wapi? Gesi hii haichomwi. Inakandamizwa na kompresa, inapozwa kwenye kondensa kule mbele ya rejeta, inapanuka kwenye ivapureta nyuma ya dashibodi na kurudi ilikotoka. Ikipungua kidogo kwa miaka mingi, sawa. Kwa wiki tatu, kuna mahali panavuja.

Fundi wa kwanza hakupaka sabuni wala hakuwasha tochi. Alinyoosha kidole tu: kondensa, imepigwa mawe. Nikabadilisha kondensa na draya yake, chujio linalonyonya unyevu. Kwa pesa ile ningepata matairi mawili mapya na chenji ikabaki. Mwezi haukuisha, vuguvugu lile lile. Kondensa ya zamani niliitazama baadaye ikiwa imelala karakana: kavu kabisa. Ndani ya mfumo kuna oili inayozunguka pamoja na gesi, na gesi ikipenya huiacha nje, vumbi linaganda juu yake. Doa la namna hiyo tafuta kwanza, ni bure. Mimi nililipa kwanza, nikatazama baadaye.

Fundi wa pili alikuwa mtu makini, sina ugomvi naye. Alitia naitrojeni kupima kama panavuja, tukakaa saa nzima, mshale wa geji ya presha haukucheza. Akavuta hewa yote, mshale ukatulia vile vile. Akaweka gesi pamoja na rangi ile inayong'aa kwenye taa ya zambarau, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Sikungoja. Kila usiku nilikuwa chini ya boneti na tochi na miwani ya njano kama mwizi wa betri. Niliangalia maungio yote ya mabomba, shingo ya kompresa, hata maji yanayodondoka chini ya gari, kwa sababu ivapureta ikivuja rangi huonekana pale. Hakuna. Kulikuwa na mng'ao kidogo tu kwenye mdomo wa kujazia gesi, na fundi akasema hayo ni mabaki ya kuchomoa mpira wa geji, kila gari linayo. Ni kweli, kila gari linayo. Nikayafuta kwa kitambaa.

Ikabaki kuvunja dashibodi kuitoa ivapureta, na watu walikuwa wananisukuma huko. Wengine walileta habari za dawa ya kopo ya kuziba matundu. Hiyo nilikataa: inaweza kuganda mahali pabaya ndani ya mfumo, na mafundi wengi hawataki iingie kwenye mashine zao.

Jibu lilinijia nikipiga mswaki. Vipimo vyote tulifanya mpira wa geji ukiwa umefungwa wapi? Pale pale kwenye mdomo wa kujazia! Ndani yake kuna pini ndogo inayofanana na ya tairi. Ikichoka, inavuja muda wote isipokuwa ule ambao mpira umeifunika. Tulikuwa tunamtafuta mwizi huku tumemkalia.

Nikakata vidole viwili vya glavu nyembamba ya mpira, nikavivisha kwenye midomo yote miwili, ule wa presha kubwa na ule wa presha ndogo, nikakaza kwa uzi na kwenda kulala. Alfajiri nikafungua boneti. Kimoja kimelegea kama soksi. Kingine kimesimama, kimejaa, kinanielekea mimi! Nilimwita mke wangu aje aone. Alikitazama, akanitazama, akarudi ndani. Nikadondoshea sabuni kwenye mdomo ule kuhakikisha: povu moja dogo likapanda polepole, likapasuka, likafuata jingine. Ukichungulia dakika mbili tu hulioni.

Hapo ningenyamaza ningekuwa shujaa. Lakini nilijiona mjanja: kama pini inafanana na ya tairi, si niweke ya tairi? Fundi alivuta gesi iliyobaki kwa mashine (usifungue pini gesi ikiwa ndani, gesi yangu, aina ya 134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, itakubabua ngozi kwa baridi), nami nikaipachika yangu. Iliingia vizuri mno. Ilidumu siku tisa. Mpira wake ni wa hewa, si wa gesi hii na oili yake.

Safari iliyofuata tuliweka pini za AC, pande zote mbili, zikiwa zimepakwa oili ya kompresa, na vifuniko vipya vyenye mpira ndani. Vifuniko si urembo, ndiyo kizuizi cha mwisho. Changu kilikuwa kimepotea, nadhani tangu siku ile ya kujaza mara ya kwanza.

Gesi ikapimwa kwa mizani, gramu 500 kama kibandiko cha chini ya boneti kinavyosema. Cha gari lako soma mwenyewe. Na usidanganywe na geji injini ikiwa imezimwa: kwenye nyuzi 25 itaonyesha karibu psi 80 hata gesi ikiwa kidogo, mradi tone la kimiminika limebaki ndani.

Huu ni msimu wa pili wa joto, sijajaza tena. Juzi shemeji kapiga simu, gari lake linapuliza vuguvugu, anasema gesi imeisha. Nimempelekea glavu.