Betri ya mjomba iliyogoma Mikindani

Mwaka 2021, giza la mwezi ndiyo kwanza linaingia, mjomba alinipigia simu alasiri. "Mpwa wangu, betri imegoma. Haitoi wala haipokei." Nikabeba mita, pasi ya kuchomelea, spiriti na mswaki mkuukuu, nikapanda bodaboda kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani.

Kwa wavuvi wa dagaa, giza ndilo mavuno. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Zamani walitumia karabai. Sasa ni taa za LED, na kila chombo hubeba umeme wake. Gesi ya Mnazi Bay inazungusha mitambo ya umeme Mtwara, lakini waya haufiki baharini. Betri ya mjomba tuliiunga wenyewe: seli nne za lithiamu zenye fosfeti ya chuma, kila moja volti 3.2, zimefungwa mfululizo kupata volti 12.8, na bodi ya BMS, yaani saketi ndogo inayopima kila seli na kukata umeme ili kuzilinda.

Asubuhi ile fundi mmoja alikuwa ameshaiangalia, akasema seli zimekufa, zinunuliwe mpya. Hakuwa amefungua boksi. Jambo hilo liliniudhi na linaniudhi mpaka leo, maana fedha ya seli nne si ya kuokota ufukweni.

Tulilifungua boksi barazani. Nikapima seli zote nne kwa pamoja: volti 13.2. Nikapima pale taa zinapochomekwa: hakuna kitu. Basi umeme ulikuwemo, bodi ndiyo iliyofunga mlango. Nikapima seli mojamoja, zote zikasoma 3.30 na 3.31. Seli za aina hii volti yake haishuki sana hata zikikaribia kuisha, kwa hiyo nikawasha taa moja kwa muda mfupi moja kwa moja kutoka kwenye seli, kupitia fyuzi. Zikashuka kidogo tu, tena kwa pamoja.

"Sasa mbona haichaji?" mjomba akauliza. Hapo ndipo penyewe. Bodi hukata matumizi ikiona seli imeshuka mno, na hukata chaji ikiona seli imejaa kupita kiasi. Hii ilikuwa imekata vyote viwili. Seli moja haiwezi kuwa tupu na kufurika kwa wakati mmoja.

Nikagusisha ncha za mita nyuma ya plagi ya nyaya nyembamba zinazoipelekea bodi habari za kila seli, plagi ikiwa imechomekwa. Ya kwanza 3.31. Ya pili 4.1. Ya tatu 2.5. Ya nne 3.31. Ukijumlisha ya pili na ya tatu unapata 6.6, hesabu ileile ya seli mbili nzima. Seli hazikuwa na neno; waya mwembamba unaotoka pale seli hizo mbili zinapoungana ndio uliokuwa unadanganya.

Nikachomoa plagi, kisha nikauvuta waya ule. Kichwa chake kilikuwa na kutu ya kijani, na nilipouchuna ganda shaba ya ndani ilikuwa nyeusi. Chumvi ilikuwa imepanda ndani ya waya. Nikaukata hadi nikakuta shaba inayong'aa, nikaunga kipande kipya kwa risasi, nikasugua vichwa vingine kwa mswaki na spiriti, nikavipaka silikoni. Nilipoirudisha plagi, seli zote zilisoma sawa. Tukaunganisha waya wa sola, bodi ikaamka.

Jirani aliyekuwa akitutazama akaenda kuleta betri yake, aina ileile, akiomba nayo ifufuliwe. Seli yake moja ilisoma volti 0.8, na tumbo lake limevimba. Hiyo nilimkatalia palepale. Seli iliyokaa imeshuka kiasi hicho huharibika ndani, na kuilazimisha ichaji ni kuukaribisha moto chomboni. Tuliitoa, nikamwambia atafute seli moja tu ya ukubwa uleule, aijaze hadi ilingane na zile tatu kabla ya kuzifunga pamoja.